Umeumia mguu kazini au barabarani: fidia ni haki yako, na saa inahesabu

[Muziki wa kipindi. Unapungua polepole.]

  

Leo tunaongea juu ya mguu. Tunajua wengi wetu hatukai kambini mwaka mzima. Posho ikipungua, kijana anafunga begi anaenda kutafuta kazi. Wengine wanafika hadi upande wa mashariki, Jinja na Mbale. Pale Wanyange, kwenye barabara kuu inayotoka Jinja kwenda Iganga, utakuta watu wa kila lugha: wakata miwa, wafyatua matofali, wabeba mizigo, wajenzi, watu wa boda boda. Na pale pale magari ya miwa na matrela yanapita usiku na mchana. Tofali linaanguka, panga linateleza, gari linakanyaga. Mara nyingi kinachoumia ni mguu.

Kisha hutokea jambo ambalo limewapotezea wengi haki yao. Majeruhi anafungwa bandeji, bosi anampa nauli na pesa ya sabuni, wenzake wanampandisha basi, anarudi kambini. Baada ya miezi mitatu mguu umepona vibaya, kazi hawezi tena, na sasa ndipo anauliza: je, naweza kudai? Kwa hiyo sikiliza hadi mwisho, au tunza karatasi hii. Mambo mengi ya fidia yanaamuliwa katika siku za mwanzo, wakati bado una maumivu.

[Muziki mfupi.]

SEHEMU YA KWANZA: JE, MKIMBIZI ANA HAKI YA KUDAI?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kwenda mahakamani. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 24, unataja kabisa ajali za kazini, kwamba mkimbizi atendewe kama raia. Kifungu hicho kinaongeza kwamba mkimbizi akifa kwa ajali ya kazi, fidia haipotei kwa sababu tu mrithi wake anaishi nje ya nchi.

Kuna uvumi unaozunguka kambini kwamba ukimshtaki Mganda utanyang'anywa hadhi ya ukimbizi, au kadi ya chakula itafungwa. Katika Sheria ya Wakimbizi hakuna kifungu kinachosema hivyo. Kudai fidia si kosa. Wewe hugombani na nchi iliyokupokea. Unatumia sheria ya nchi hiyo, ile ile ambayo Mganda angeitumia akiumia yeye.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: niliumia nikiwa kazini, au niliumia barabarani kama mpita njia? Hizo ni njia mbili tofauti. Tuanze na ya kazini.

SEHEMU YA PILI: UMEUMIA KAZINI

Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Mambo yake makuu ni haya.

Mwajiri anawajibika kulipa kama umeumia kwa ajali iliyotokana na kazi, ukiwa katika kazi. Huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alikosea. Na hata kama wewe mwenyewe hukuwa mwangalifu, fidia bado ipo. Bosi akikuambia "ulivaa sandali, kosa ni lako," hilo peke yake haliondoi haki yako. Kilicho nje ya sheria ni mtu kujiumiza kwa makusudi.

Safari ya kwenda kazini au kutoka kazini moja kwa moja nayo inahesabiwa. Lakini ni wewe utakayetakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa njiani moja kwa moja. Ukipitia kwa rafiki au sokoni, jambo linakuwa gumu.

Jeraha dogo halina fidia. Lazima liwe limekuachia ulemavu wa kudumu, au limekuzuia kupata mshahara wako kamili kwa siku tatu mfululizo au zaidi.

"Lakini mimi sina mkataba wa maandishi." Wengi hatuna. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatambua pia mkataba wa mdomo. Tatizo si haki, tatizo ni ushahidi. Ushahidi wako ni wenzako mliofanya kazi pamoja, daftari la kapita linaloandikwa majina kila asubuhi, ujumbe wa pesa uliyotumiwa kwa simu, picha mliyopiga kazini. Kama aliyekuita kazini ni mtu wa kati, andika majina ya wote wawili, yeye na mwenye kiwanda au shamba. Usichague mwenyewe nani wa kudai. Mpelekee afisa wa kazi majina yote.

Sasa tarehe. Unatakiwa kumpa mwajiri taarifa ya ajali ndani ya mwezi mmoja tangu siku ya ajali. Unaweza kusema kwa mdomo, hata kwa msimamizi wako, lakini maneno hupeperuka. Andika. Wala huhitaji Kiingereza kikubwa. Barua inaweza kuwa hivi:

"Kwa mwajiri wangu. Mimi (jina), mfanyakazi wako wa (aina ya kazi) mahali (jina la mahali), nakujulisha kwamba tarehe (siku, mwezi, mwaka), saa (saa), niliumia (kidole gumba, kisigino, kifundo) cha mguu wa (kushoto au kulia), nilipokuwa ninafanya (kazi gani). Walioona ni (majina na simu). Nilitibiwa (jina la hospitali). Naomba fidia kwa mujibu wa sheria. Sahihi au dole gumba."

Andika nakala mbili. Moja anabaki nayo bosi, nyingine anaweka sahihi kwamba amepokea, na wewe unabaki nayo. Akikataa kuweka sahihi, nenda na shahidi, kisha piga picha ya barua na umtumie kwa simu ili tarehe ionekane. Na kama mwezi umeshapita, usikate tamaa kabla ya kuuliza. Mwajiri ambaye alijua kuhusu ajali kwa njia nyingine hawezi kujificha nyuma ya barua iliyokosekana. Kama yeye mwenyewe ndiye aliyekupeleka hospitali, alijua.

Baada ya mwajiri kupokea taarifa, zinahesabiwa siku 21. Kama ndani ya siku hizo hamjakubaliana kwa maandishi juu ya kiasi, unaweza kupeleka dai mahakamani. Na mahakama inayohusika ni ile ya eneo ambako ajali ilitokea. Sikiliza vizuri hapo. Aliyeumia Wanyange, mahakama yake iko upande wa Jinja, haiko Nakivale wala Kyaka II. Kwa hiyo kabla hujapandishwa basi kurudi kambini, karatasi za Jinja zikamilike: hospitali, barua ya mwajiri, ofisi ya afisa wa kazi. Kurudi kuzitafuta baadaye kwa mguu mbovu na nauli ya kukopa ni mateso.

[Muziki mfupi.]

SEHEMU YA TATU: PESA INAHESABIWAJE?

Hapa tutumie mfano. Si mtu fulani, ni hesabu tu.

Kijana analipwa shilingi 10,000 kwa siku, anafanya siku 24 kwa mwezi. Mshahara wake ni shilingi 240,000. Sheria inasema mtu aliyelemaa kabisa, kwa kudumu, analipwa mishahara ya miezi 60. Kwa kijana wetu hiyo ni shilingi 14,400,000. Akifa, familia iliyomtegemea inadai hiyo hiyo miezi 60.

Lakini wa mguu mara nyingi hajalemaa kabisa. Amelemaa sehemu. Basi daktari anaandika asilimia, kwa kufuata orodha iliyo ndani ya sheria. Tuseme daktari ameandika asilimia 20. Unachukua asilimia 20 ya 14,400,000. Inakuwa shilingi 2,880,000.

Sasa fikiria bosi aliyekuja hospitali na shilingi 200,000 ndani ya bahasha, akasema "weka dole hapa tumalize kama ndugu." Wewe ambaye hujafanya hesabu utaona ni mtu mwema. Labda ni mwema kweli. Lakini sasa unajua tofauti ya 200,000 na 2,880,000.

Katika kuhesabu mshahara, usisahau chakula na nyumba unayopewa na mwajiri. Thamani yake nayo inaingia.

Pamoja na fidia hiyo kuna mambo mengine mawili. La kwanza, matibabu. Mwajiri ndiye anayebeba gharama za kutibu jeraha la kazi: hospitali, dawa, usafiri wa kwenda kutibiwa, na mguu wa bandia ukihitajika. La pili, mshahara wa wakati wa kuugua. Kwa Sheria ya Ajira, mfanyakazi aliyemaliza angalau mwezi mmoja kazini, akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au jeraha, anapata mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa kulala.

Jambo moja dogo la lugha linaweza kukugharimu sana. Kwa Kiswahili tunasema "mguu" kuanzia nyonga mpaka vidole. Orodha ya sheria haifanyi hivyo. Kukatwa juu ya goti, kupoteza wayo, kupoteza kidole gumba, kila kimoja kina asilimia yake. Kiganda pia hutenganisha: okugulu ni mguu mzima, ekigere ni sehemu ya kukanyagia. Wenzetu wa Kinyarwanda mnajua tofauti ya ukuguru na ikirenge. Kwa hiyo ukiwa mbele ya daktari au mkalimani, usiseme tu "mguu wangu." Onyesha kwa mkono. Taja kifundo, kisigino, wayo, kidole cha ngapi, kushoto au kulia. Kisha uliza: umeandika nini?

Asilimia ya kudumu usikubali iandikwe haraka. Mfupa ulio bado ndani ya plasta haujasema neno lake la mwisho. Unaweza kupona vizuri, unaweza kujikunja, kifundo kinaweza kukataa kupinda. Subiri daktari aseme kwamba hali imetulia. Taarifa ya ajali ndiyo ya haraka. Makubaliano ya mwisho ya pesa yanaweza kusubiri mguu.

Na kama daktari wa mwajiri anaandika asilimia 5 na wa kwako anaandika 25? Kuna Bodi ya Usuluhishi wa Kitabibu iliyowekwa na sheria hiyo hiyo kwa ajili ya mabishano ya namna hii. Afisa wa kazi anajua njia ya kufika huko.

SEHEMU YA NNE: AFISA WA KAZI NI NANI?

Ni mtumishi wa serikali anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi na waajiri. Yupo kwenye ofisi za wilaya au za jiji. Jinja imekuwa jiji tangu mwaka 2020, kwa hiyo ukifika uliza kama eneo ulipoumia liko chini ya jiji au chini ya wilaya. Huduma yake si ya kununua.

Kazi yake kwako ni kupokea malalamiko, kumwita mwajiri, kuhesabu fidia kwa kufuata sheria, na kuhakikisha makubaliano ni ya haki. Kama hujui kusoma, au karatasi iko katika lugha usiyoielewa, afisa huyo anatakiwa akusomee na kukueleza kwa lugha unayoielewa kabla makubaliano hayajakufunga. Kwa hiyo ukiambiwa "weka dole, ni fomu tu," jibu kwa heshima: "Mzee, nitaweka mbele ya afisa wa kazi." Na dole kwenye karatasi tupu, kamwe.

Karatasi uliyoweka sahihi siku ya kuanza kazi inayosema "nikiumia sitadai," hiyo haina nguvu. Sheria haimruhusu mfanyakazi kuuza haki hii mapema.

Mwajiri pia anatakiwa kuwa na bima ya ajali za wafanyakazi. Akiwa nayo, kampuni ya bima italipa kwa niaba yake. Kama hana, hilo ni tatizo lake na deni linabaki kwake.

[Muziki mfupi.]

SEHEMU YA TANO: UMEUMIA BARABARANI

Hapa mambo ni tofauti. Ulikuwa unavuka barabara pale Wanyange, ukagongwa na gari. Au ulikuwa nyuma ya boda boda. Hukuwa kazini, basi hakuna mwajiri. Unamdai dereva na mwenye gari, na utatakiwa kuonyesha kwamba dereva alikosea.

Kama unaweza, au mwenzako anaweza, fanyeni haya pale pale: andika namba ya gari au ya pikipiki. Angalia stika ya bima kwenye kioo cha mbele, piga picha. Chukua simu za watu wawili walioona. Kama ni boda, uliza ni wa steji gani, maana steji ina mwenyekiti anayewajua watu wake.

Kisha ripoti polisi wa barabarani wa eneo hilo, na uondoke na namba ya kumbukumbu ya ripoti yako. Bila ripoti ya polisi, kampuni ya bima haitakusikiliza.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Dereva akipelekwa mahakamani kwa kuendesha vibaya na akatozwa faini, ile faini inaenda serikalini. Si fidia yako. Kesi ya fidia ni kesi nyingine, ya madai, na lazima uifungue wewe. Muda wake ni miaka mitatu tangu ajali. Kama gari ni la serikali, ni miaka miwili tu.

Na tusidanganyane juu ya bima. Sheria ya bima ya magari ya mwaka 1989 inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya watu wengine, lakini iliweka kikomo kidogo cha malipo: shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Mguu uliovunjika mara mbili unaweza kula pesa hiyo kabla hujatoka wodini. Kinachozidi hapo unamdai dereva na mwenye gari wenyewe, kwa makubaliano au mahakamani. Kwa hiyo ukiambiwa "bima itashughulikia yote," usitie sahihi kwamba umemaliza.

Vipi ndugu yetu mwendesha boda mwenyewe, anayejiajiri? Kama pikipiki ni yake, hana mwajiri wa kumdai. Atamdai aliyemgonga, kama alikosea. Kama ni ya tajiri na analipa kila jioni, apeleke maelezo yote kwa afisa wa kazi au mwanasheria, waangalie kama huo uhusiano ni wa ajira au wa kukodisha.

SEHEMU YA SITA: KARATASI ZAKO

Tafuta mfuko mmoja wa plastiki usiopenyeza maji. Ndani yake weka:

– Fotokopi ya kadi yako ya mkimbizi na ya karatasi ya familia.
– Karatasi zote za hospitali: ya siku ya kwanza, picha ya eksirei, ya kutoka wodini. Hospitali ya Rufaa ya Jinja na ile ya Mbale huona majeruhi wengi, na kadiri siku zinavyopita ndivyo faili linavyokuwa gumu kupatikana. Omba nakala kabla hujaondoka.
– Risiti zote. Za dawa, za magongo, hata za boda ya kwenda kliniki. Asiyetoa risiti, mwandikie kwenye daftari, aweke sahihi na simu.
– Nakala ya barua kwa mwajiri, au namba ya ripoti ya polisi.
– Majina na simu za mashahidi. Wenzetu wanahama, wengine wanasafiri kabisa. Mwombe kila mmoja aandike alichoona, siku hizo hizo.
– Picha za mguu wako, kuanzia siku ya kwanza hadi unapopona.

Karatasi halisi usimwachie mtu. Mpe fotokopi. Pale hospitalini hutokea watu wanaosema "mimi nafanya na mawakili, nipe faili lako nitakuletea pesa." Mwulize ofisi iko wapi, uende mwenyewe.

SEHEMU YA SABA: NANI ATAKUSAIDIA BILA KUKUTOZA?

Anza na afisa wa kazi. Kwa msaada wa wanasheria, kuna Refugee Law Project, iliyoanza mwaka 1999 chini ya Chuo Kikuu cha Makerere, kwa ajili ya wakimbizi hasa. Kuna pia mradi wa msaada wa sheria wa Uganda Law Society, ambao ni chama cha mawakili. Ukiwa kambini, mweleze mwenyekiti wa RWC, ofisi ya OPM, au dawati la ulinzi la UNHCR, wakuelekeze. Namba ya simu ya bure ya UNHCR imebandikwa kwenye mabango ya kambi.

Mwenyekiti wa LC1 wa kijiji ulipoumia anaweza kukuandikia barua kwamba anakujua na ajali aliisikia. Ichukue, inasaidia. Lakini kikao cha kijiji hakiwezi kufuta haki uliyopewa na Sheria ya Fidia. Mkikaa kuongea kwa amani, kaeni, ni jambo zuri, na makubaliano yapelekwe kwa afisa wa kazi.

[Muziki unapanda kidogo, unashuka.]

KWA KIFUPI, ya kukumbuka na kumwambia jirani:

Mwezi mmoja: taarifa kwa mwajiri.
Siku 21: mwajiri akikaa kimya, mahakama iko wazi.
Miezi 60 ya mshahara, mara asilimia ya daktari: ndiyo hesabu yako.
Miaka mitatu: ajali ya barabarani. Miwili kama gari ni la serikali.
Dole gumba: mbele ya afisa wa kazi, baada ya kusomewa.

Kama leo una kijana aliyeko Wanyange, Kakira, Mbale au kwingine kazini, mpigie simu jioni hii. Mwambie haya matano kabla hajaumia. Na kama yupo jirani aliyerudi na magongo mwezi huu, mtembelee kesho asubuhi, mwulize ni tarehe ngapi aliumia, mhesabu siku pamoja. Huenda bado ziko.

Wiki ijayo, saa ile ile, tutaongea juu ya mshahara usiolipwa: unaudai wapi kama bosi amezima simu. Mungu awalinde miguu na mikono.

[Muziki wa kufunga.]